Thomu Malindi: anza na friji, mvua baadaye

*"Assalam aleikum. Niko Malindi, nyuma ya nyumba tuna kiwanja kidogo, mchanga mtupu ila nimeutia samadi. Mwaka jana Novemba vuli ilipoanza nilinunua thomu supamaketi, zile nyeupe kubwa, nikapanda punje kama hamsini hivi. Zingine hazikuota kabisa. Zilizoota zikatoa majani mazuri mpaka nikafurahi, lakini mwezi wa tatu nilipozing'oa nikakuta kitunguu kimoja kimoja kidogo cha mviringo kama gololi, hakina punje. Mamangu asema thomu ni mmea wa bara niache kujisumbua. Jirani asema nilikosea msimu, ningepanda masika penye mvua nyingi. Na mitandaoni wengi wasema Oktoba ndo mwezi wa thomu, sasa mimi nilichelewa mwezi mmoja tu! Nipande mwezi gani hasa? Shemeji yangu yuko Shela kule Lamu na yeye pia ataka kujaribu."*

Wa aleikum salam dadangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu umenieleza ulichokikuta ulipong'oa. Wengi huniandikia "thomu zangu zimekataa" basi, sasa mtu atajuaje zimekataa vipi. Hicho kitunguu kimoja cha mviringo kinasema mengi: mmea wako haukuugua, maji haukukosa, na samadi ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni baridi. Na baridi hiyo Malindi hamna, si Novemba, si masika, si mwezi wowote ule utakaotajiwa.

Kwa hivyo jibu lenyewe ni hili: mbegu iingie kwenye friji katikati ya Aprili, ikae humo wiki sita hadi nane, halafu uipande Juni, zile mvua kubwa za masika zikishapungua na kusi limeshika. Ukijaaliwa utavuna kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Oktoba, kabla vuli haijakukuta. Sasa ngoja nikueleze sababu, maana ukiijua hutababaishwa tena na kila mtu anayekuja na mwezi wake.

Thomu asili yake ni Asia ya Kati, nchi za milima zenye majira ya baridi ya kweli. Kule punje inaingia ardhini kabla ya baridi, inatoa mizizi, inakaa kwenye baridi hiyo wiki na wiki, kisha joto linarudi na mchana unarefuka, na hapo mmea unajua wakati wa kutengeneza kichwa umefika. Ile punje unayoiponda kwenye kinu ni chipukizi, limekaa kwenye kwapa la jani ndani ya mmea, na kila kichwa kina machipukizi kadhaa ya aina hiyo yamezunguka bua. Baridi ndo inayoyaamsha haya ya pembeni. Mmea usipoipata, ya pembeni yanalala tu, linanona lile la katikati peke yake, nawe unang'oa kibonge kimoja kama ulivyong'oa.

Ukiniuliza baridi ya kiasi gani, tunazungumzia chini ya nyuzi 10 za selsiasi kwa wiki kadhaa mfululizo. Malindi usiku wa Julai, ambao ndo baridi yetu kubwa, joto linakaa kwenye nyuzi 21 au 22 hivi. Ile baridi inayotufanya tuvae sweta tukienda swala ya alfajiri, thomu inaihesabu ni joto. Na mchana wetu haurefuki wala haufupiki wa kuonekana, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima ni kama dakika 20 tu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Yaani ishara zote mbili ambazo mmea huu unazisubiri sisi hatuna. Bahati nzuri ni kwamba punje iliyopata baridi ya kutosha haidai sana mchana mrefu, kwa hivyo tukiipa hiyo moja tunaweza kukipata kichwa.

Mamako basi amesema kweli, ila si yote. Thomu ya Kenya inatoka sehemu za juu kama Meru, Nyeri na Narok, na kwa majirani zetu Tanzania watu wa Mbulu wanailima sana. Sehemu hizo ni za mwinuko, usiku unashuka haswa na hata udongo wenyewe ni wa baridi. Wao hawahitaji friji, friji yao iko nje. Mimi kusema kweli mtu akiniambia ataka kulima thomu ya kuuza eka moja Malindi nitamwambia pesa yake aiweke kwenye pilipili au mabamia. Lakini wewe wataka ya nyumbani, matuta mawili matatu, hiyo inawezekana bila kujidanganya kwamba utapata vichwa vikubwa kama vya dukani. Vitakuwa vidogo, vyenye punje chache, na ukali wake utaujua siku ya pilau.

Hao wa mitandaoni wa Oktoba hawakukudanganya, wewe tu si uliyeandikiwa. Wengi wao wako Ulaya na Marekani, kwao Oktoba ndo wanaingia kwenye baridi, wanapanda ili punje ikae ardhini miezi hiyo ya barafu ivunwe joto likija. Sisi Oktoba tunaingia wapi? Tunaingia kaskazi. Ukipanda vuli, mmea wako unakuwa bado mdogo Desemba, na wakati wa kutaka kunona unakuta Januari mpaka Machi, jua limesimama utosini na mchanga wa juu huwezi kuukanyaga bila viatu saa saba. Joto hilo linaukausha mmea mapema kabla haujaweka chochote chini, na ndo msimu wa thripsi, vile vidudu vyembamba vinavyojificha kwenye shina la jani vikafyonza mpaka jani linakuwa na michirizi ya rangi ya fedha. Hata ungepanda Oktoba tarehe moja ungeng'oa vitu vile vile. Hukuchelewa.

Na jirani yako wa masika, yeye anafikiria kama mkulima wa mahindi, kwamba mvua ndo msimu. Kwa mahindi sawa. Thomu maji inayataka kidogo kidogo lakini kila mara, kuogelea haitaki. Mei ndo mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, na kwenye mchanga mvua hiyo inafanya mambo mawili, inaiteremsha mbolea chini mbali na mizizi (mizizi ya thomu ni mifupi, haiendi mbali kutafuta), na majani yakishinda majimaji mchana na usiku ukungu unaingia, unaona mabaka ya zambarau kwenye majani yanaanza kidogo kisha jani linavunjika. Masika ina nafuu kuliko vuli, sikatai, maana angalau mbele yako kuna kipupwe. Ila mvua ile uiache ipite kwanza, we maji utamwagia kwa mkono.

Juni basi. Kusi linavuma, jua limepoa, manyunyu ya hapa na pale bado yapo, na una miezi kama minne ya hali ya hewa tulivu mbele yako. Ndo bora tulichonacho.

Tuje kwenye friji, maana hapa ndo watu wanaharibu. Chukua vichwa vizima, usivipasue punje punje bado. Vitie kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, usitumie plastiki kwa sababu unyevu utafungika ndani na baada ya wiki mbili utakuta ukungu wa kijani. Weka kwenye droo ya chini ya mboga. Si kwenye friza! Friza inaua, punje ikiganda inatoka laini imekuwa maji na haioti tena. Andika tarehe juu ya bahasha kwa sababu wiki zinapita bila kujijua na mtu mwingine nyumbani atazitoa apikie mchuzi. Stima ikipotea masaa machache haina neno, baridi inajumlishwa polepole, haivunjiki kwa usiku mmoja. Kuhusu harufu, ndio, itakuwepo, maziwa na siagi vifunikwe.

Usipitishe miezi mitatu ukidhani baridi nyingi ndo kichwa kikubwa. Ikizidi, mmea unachipua vijimea vingi pembeni kabla ya wakati na kichwa kinakuja kimejikunja vibaya. Wiki ya sita au ya nane toa kichwa kimoja ukipasue punje kwa kisu, ukiona ndani kile kijani cha katikati kimerefuka mpaka karibu na ncha, mbegu iko tayari. Na ukishatoa panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Usiiache kwenye dirisha la jikoni wiki mbili, joto la kwetu linaweza kuifuta ile baridi yote uliyoilisha, ukarudi kwenye vibonge.

Mbegu yenyewe sasa. Zile zako ambazo hazikuota kabisa, nashuku ni za kutoka nje. Thomu nyingi nyeupe kubwa za supamaketi ni za China, na baadhi ya thomu za safari ndefu hutiwa dawa au hupigwa mionzi ili zisichipue njiani. Utazitambua mara nyingi chini zimenyolewa mizizi safi kabisa, kitako kinang'aa. Za hapa Kenya ni ndogo, mara nyingi zina rangi ya waridi au zambarau kwenye ngozi, na mizizi mikavu bado inaning'inia. Nenda sokoni umuulize muuzaji zimetoka wapi, wao wanajua, akikwambia Meru au Nyeri chukua. Chagua vichwa vigumu ukibonyeza, vyenye punje kubwa. Punje kubwa inatoa mmea mkubwa na mmea mkubwa ndo unaoweka kichwa cha maana, zile nyembamba za katikati zipeleke jikoni.

Na vibonge vyako usivitupe! Hivyo ni mbegu nzuri kuliko hata ya sokoni. Kila kimoja ni punje moja nene iliyokwisha kukaa miezi minne kwenye mchanga wako na ikaishi. Vitie kwenye bahasha hiyo hiyo, vipate baridi pamoja na wenzake, Juni uvipande.

Kiwanja: tuta lipande juu kiasi cha shibiri moja. Mchanga wa Malindi hauna shida ya kutuamisha, shida yake haukai na kitu, kwa hivyo samadi uliyotia Novemba usiihesabu, kaskazi na mvua za Aprili na Mei zitakuwa zimeshaimaliza. Tia tena, ndoo moja ya samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, uchanganye. Iliyooza namaanisha ukiishika mkononi ni nyeusi, inafumuka na hainuki, maana samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta uozo kwenye kitako. Ukipata udongo wa mtoni kutoka upande wa Sabaki, ule mwekundu mzito unaoletwa na mto, kikarai kimoja kwa tuta unasaidia sana kushika maji. Kama kiwanja chako ni cha mawe ya matumbawe karibu na juu, hapo ni heri ndoo au gunia, kina cha shibiri moja kinatosha, kwa sababu udongo wa matumbawe una chokaa nyingi na majani yatakuwa manjano hata ukitia mbolea.

Punje iingie ncha juu kitako chini, kina cha sentimita tatu mpaka tano, usiimenye ngozi. Kati ya moja na nyingine kama sentimita 12, kati ya mistari 20. Kisha funika tuta lote kwa majani makavu au makuti mazee yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne. Hili wengi wanaliona pambo, lakini kwetu pwani matandazo ndo yanayoufanya udongo ubaki na ubaridi, na punje yako inausikia udongo, hewa ya juu haiijali sana. Tia kidole chini ya makuti saa nane mchana kisha tia pembeni kwenye mchanga mtupu, tofauti utaisikia mwenyewe. Kivuli kidogo cha alasiri hakidhuru bora ipate jua la asubuhi masaa sita. Chini ya mnazi hasa hapana, mizizi ya mnazi itakunywa kila kitu.

Mwagilia asubuhi, mchanga kila siku mbili, ukiwa na matandazo pengine siku tatu. Mbolea ya kukuzia, hata maji ya samadi, mwisho wake Agosti katikati. Ukiendelea kuilisha Septemba itaendelea kutoa majani tu, nawe majani si ulishayapata mwaka jana. Majani ya chini yakianza kukauka acha kumwagilia kabisa wiki mbili mpaka tatu, kisha chimbua moja utazame. Ikiwa kichwa kimeonyesha migawanyo kwenye ngozi, toa zote.

Shemeji wa Shela ana mambo yake. Zuri ni kwamba samadi ya punda Lamu haikosekani, ila aisubiri ioze miezi mitatu minne maana punda anapitisha mbegu za magugu nzima nzima. Shida yake ya kwanza itakuwa chumvi. Shela kwenyewe wana bahati, chini ya vile vilima vya mchanga ndo kuna maji matamu yanayonywewa mpaka Lamu mjini, lakini visima vya karibu na ufuo ni habari nyingine, na thomu haipendi chumvi. Akiyaonja akasikia chumvi hata kidogo asimwagilie nayo, akinge maji ya masika kwenye pipa, Juni atakuwa nayo. Na kusi lile linaloleta mvuke wa bahari moja kwa moja linaunguza ncha za majani, kwa hivyo tuta likae nyuma ya ukuta au azungushie ua wa makuti upande wa bahari.

Kama mambo haya ya friji na kalenda yanakuchosha, kuna njia ambayo mimi binafsi naipenda zaidi kwa bustani ndogo. Panda punje yoyote inayoota, mwezi wowote isipokuwa kaskazi kali, kwa ajili ya majani yake. Wiki sita saba unakata majani mabichi unatia kwenye samaki wa kupaka, kwenye chatne, kwenye mayai, harufu ni ya thomu haswa. Unakata kama giligilani, linachipua tena mara kadhaa. Baridi haitakiwi, kichwa hakitakiwi, na punje kumi kwenye ndoo zinatosha nyumba. Unaweza pia kufanya yote mawili, matuta ya Juni yawe ya vichwa na ndoo ya mlangoni ya majani.

Wakati wa kutafuta mtu aje aone kwa macho ni huu. Majani yakianza manjano usikimbilie dawa, ng'oa mmea mmoja uoshe mizizi. Mizizi ikiwa myeupe na migumu basi ni njaa au chumvi, hiyo utaimudu. Ikiwa imegeuka rangi ya waridi kisha inasinyaa, au kitako ni laini kinanuka, au kuna utando mweupe wenye vichembe vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu, simama hapo. Usihamishe udongo huo kwenda tuta jingine na jembe lioshwe. Vile vichembe vyeusi hupendelea nchi za baridi kwa hivyo Malindi si rahisi kuviona, lakini mbegu ya kutoka bara inaweza kuja navyo na vikishaingia ardhini vinakaa miaka mingi sana. Funga mmea mzima na udongo wake kwenye gazeti umpelekee afisa wa kilimo wa wadi yenu, msaada wake ni haki yako. Huyo huyo atakuelekeza pa kupima udongo na maji, na KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, wana kituo Mtwapa ambako wanaijua mimea ya pwani. Kwa shemeji, kipimo cha maji ya kisima afanye kabla hajanunua hata punje moja.

Vichwa vyako vya Oktoba vikaushe kivulini na majani yake wiki mbili tatu, halafu vile vitano sita vikubwa kuliko vyote usile. Vifunge fungu moja uvitundike mahali penye upepo, hata jikoni juu mbali na mvuke wa sufuria. Joto la kaskazi halitavichipua, thomu kwenye joto inalala, adui yake hapo ni unyevu. Aprili vinaingia friji. Ukifanya hivi miaka mitatu minne ukichagua kila mara zile zilizostahimili, utakuwa na mbegu yako ya Malindi, na hiyo huipati dukani.